Katambuga za Martin na Gambuti la Malale

Mkuki ulimwingia Martin chini ya kwapa wakati ameinua panga kumpiga ng'ombe wa pili. Wa kwanza alikuwa ameshamkata mshipa wa nyuma ya mguu, na mnyama yule alikuwa anajikokota kwa magoti ndani ya mpunga uliokwisha kuinamisha vichwa. Waliokuwa jaruba la jirani wanasema Martin hakupiga kelele. Alimtazama kijana aliyemchoma, akautazama mkuki, halafu akakaa chini kwenye maji kama mtu aliyechoshwa na palizi.

Kijana mwenyewe aliitwa Malale, mtoto wa Nyanzala, wa wale Wasukuma waliokuja na mifugo yao na kuweka maboma upande wa juu wa Majimoto. Alitaka kukimbia. Lakini alikuwa amevaa magambuti, yale mabuti marefu ya mpira, na tope la majaruba likayajaza, likayashika. Mguu mmoja ulichomoka, gambuti likabaki. Wa pili haukuchomoka. Wakulima wakamkuta hapo hapo, wakampiga kwa mipini ya majembe mpaka mama yake alipoletwa hakuweza kumtambua kwa sura. Alimtambua kwa gambuti lililobaki mguuni. Lile jingine alikwenda kulichimbua mwenyewe baadaye, akalitunza.

Kabla jua halijashuka waliokufa walikuwa saba, wakulima wanne na wafugaji watatu. Hayo yalitokea miaka kumi na mitano iliyopita, na Majimoto pamejengwa sana tangu hapo, lakini ukimuuliza mtu mzima yeyote atakuonyesha kwa kidole lile jaruba.

Hilaria, mke wa Martin, alipokea habari akiwa kwenye karakana ya shemeji yake Cletus, seremala, mdogo wake Martin. Hapo ndipo alipoweka cherehani yake. Alishona sare za shule na za kwaya, na Cletus akipata kazi ya jeneza, yeye alilivisha ndani kwa satini nyeupe. Alizaliwa Usevya, akamaliza darasa la saba, akajifunza kushona kwa masista. Kuvisha majeneza hakufundishwa na mtu. Alianza siku mama yake mzazi alipofariki, alipoona si haki mtu aliyezaa watoto tisa alale kwenye mbao tupu. Akagundua mwenyewe kwamba jeneza linavishwa kuanzia miguuni. Ukianzia kichwani mkono unaogopa, kitambaa kinajikunja. Ukianzia miguuni unapanda taratibu, unazoea, na ukifika mahali pa uso umeshamwombea marehemu vya kutosha.

Siku ile alivisha majeneza sita. Wanawake wenzake walimwambia akae nao alie, akawauliza, "Nani atamvisha? Nyie?"  La mumewe lilikuwa la sita. La saba lilikuwa la Malale, na satini ilikuwa imekwisha. Mpini wa jembe la Cletus ulikuwa umeegemezwa mlangoni, damu haijakauka. Cletus akasema, "Shemeji, huyo muache aende na mbao."

Akaenda na mbao.

Wasukuma walitaka kuwachukua watu wao wakawazike bomani kwao, lakini njia ilikuwa imezibwa na vijana wenye mapanga. Ikabidi wote saba wazikwe siku moja, kwenye makaburi ya nyuma ya karakana, kwa mstari, kila mmoja kwa zamu jeneza lake lilivyotoka. Ndiyo maana Martin na Malale wamelala jirani, hatua moja tu kati yao.

Denis, mtoto wa pekee wa Hilaria, alikuwa na miaka saba, anasoma Usevya kwa bibi yake mzaa baba. Maiti ya baba yake hakuiona. Alikuta kaburi lenye msalaba. Mengine yote aliyapata vijiweni, na vijiweni watu hawasimulii mambo kwa upole. Alikua na hasira ambayo wenye nayo walikuwa wameshaichoka, yeye akaibeba ikiwa mpya. Alipofika miaka ishirini na kitu alikuwa dereva wa bodaboda, mkarimu kwa kila mtu, isipokuwa abiria akiwa na fimbo ya kuchungia alimpita bila kusimama.

Kiangazi kilichopita akaja msichana mmoja kutoka Katumba, kule karibu na Mpanda, jina lake Séverine. Bibi yake alikuwa mfinyanzi aliyekuja na wakimbizi kutoka Burundi, na yeye akaenda kusomea sanaa Dar es Salaam. Alifika karakana akiwa na barua ya padre na ndoo ya udongo. Alisema anataka kuwafinyangia wale saba viatu vyao, kila mmoja alivyokuwa amevaa siku ile, na kuviweka kila jozi miguuni pa kaburi lake. Udongo hautachomwa. Mvua ya kwanza ikinyesha, vitayeyuka vyote.

Cletus aliweka randa chini. "Kwa hiyo unafinyanga ili viharibike?"

"Ndiyo, baba."

"Basi hujanishinda. Mimi hapa nina mafundi wawili wanaofanya hivyo hivyo kwa mbao."

Séverine alicheka, na Hilaria akampenda kwa kicheko kile.

Alizunguka familia zote, za wakulima na za wafugaji, akiuliza habari za viatu. Wapo waliomfukuza, wapo waliomkalisha wakalia naye. Mmoja alikuwa na yeboyebo za plastiki, mwingine alikuwa peku, na kwake Séverine alifinyanga nyayo. Nyanzala, mama yake Malale, mwanamke mrefu aliyekuwa akiuza maziwa mgando sokoni, alilitoa lile gambuti alilolichimbua, bado lina tope la miaka yote hiyo ndani yake. Hilaria naye akasema kweli: Martin alikuwa na katambuga, zile ndara za tairi wanazovaa wafugaji. Alizinunua mnadani kwa Wasukuma wiki ile ile, kwa sababu tope haliziwezi, zinateleza tu. Wenzake walimcheka wakamwita mchunga ng'ombe.

Kwenye viatu majina hayakuwekwa. "Nataka mtu akifika aulize," Séverine alisema. "Akiuliza, itabidi mtu amjibu."

Na kwa kuwa viatu vitaondoka, kilipaswa kubaki kitabu. Hicho ndicho walichokaa kukitengeneza pamoja, msichana na mama, kwenye meza ya kukatia vitambaa. Kingekuwa kimoja tu, kikubwa, kitunzwe sakristia, chumba cha vyombo vya misa kanisani. Picha na maneno vingechapwa Mpanda, na Hilaria angekishona. Majalada yakatolewa kwenye mabaki ya mninga ya majeneza, Cletus akayapiga randa mpaka yakawa membamba kama sahani. Hilaria akasema ndani ya majalada iwekwe satini. Akasema pia kila mtu aanzie miguuni: viatu kwanza, halafu maneno ya ndugu zake, jina mwishoni kabisa, juu. Séverine akakubali, akaja na mfano wa karatasi zilizokunjwa ili waone mpangilio.

Ulifuata mstari wa makaburi, na kila marehemu alikuwa na ukurasa mmoja. Hilaria alifunua mpaka mwisho. Martin alikuwa kushoto. Malale alikuwa kulia. Akaufunga mfano ule taratibu, akaufungua, akaufunga tena.

"Mama Denis, kuna nini?"

"Kikifungwa, wanalaliana," alisema. "Kifua kwa kifua. Kila siku kikikaa sakristia, huyu yuko juu ya huyu."

Séverine aliangalia karatasi zake kama anaziona mara ya kwanza. Akasema anaweza kumpeleka Malale mbele, au katikati. Cletus, aliyekuwa anasikiliza, akasema wamuondoe tu. "Sita wanatosha. Yule ndiye aliyeanza kuua. Mtamwekaje kitabu kimoja na kaka yangu, tena kibarikiwe na padre?"

"Na ng'ombe wa kwanza nani alimkata, shemeji?"

Cletus akashika randa yake.  Hilaria alikwenda kanisani kusali rozari, akarudi hajajua Malale akae wapi.

Habari zikamfikia Denis kijiweni, na zilipomfikia zilikuwa zimeshapindwa: muuaji wa baba yako amejengewa sanamu, mama yako anamshonea kitabu. Aliegesha pikipiki makaburini Jumapili baada ya misa ya pili. Mkononi alikuwa na mpini wa jembe.

Nyanzala alikuwa amekaa pale. Alikuwa na kawaida ya kupita, akishauza maziwa, kulitazama gambuti la udongo la mwanawe, maana Séverine alikuwa ameshaviweka viatu vyote makaburini. Hilaria alikuwa karakana anatia uzi nta, na ukuta wa karakana ni wa mabanzi, kwa hiyo alisikia yote.

"Viatu vya mwanao ni vipi?" Denis aliuliza.

"Mwanangu, nenda nyumbani."

"Nimekuuliza."

"Ni hilo gambuti. Moja tu."

"Msukuma na gambuti wapi na wapi, bibi? Unanifanya mtoto?" Na macho yake yalikuwa yameshafika kwenye katambuga, zimekaa vizuri miguuni pa kaburi, kila msumari wa tairi umechorwa kwa kijiti. Wala hakutazama ziko kaburi gani. Makaburi yale yamebanana. Akainua mpini.

"Hizo ni za baba yako," Nyanzala alisema, na akanyoosha mkono wake juu ya katambuga.

Pigo la kwanza lilivunja mkono. Hilaria aliusikia mfupa kwa ndani ya ukuta, akaangusha sindano. La pili na la tatu yaliingia kwenye udongo. Alipotokeza nje mwanawe alikuwa anazikanyagakanyaga zile katambuga kwa viatu vyake vya michezo, meno nje, na mama yule mzee yuko chini, ameukumbatia mkono uliopinda mahali ambapo mkono haupindi, na bado anasukuma vipande vya udongo kwa mguu ili visikanyagwe.

Hilaria alimshika Denis shati mgongoni. Akageuka na mpini, na pigo likampata mama yake begani. Sijui kama alijua ni nani. Hilaria hakumwachia.

"Umemvunja baba yako," alimwambia. "Tazama msalaba. Soma."

Denis alisoma. Alisoma mara mbili, midomo inatembea kama mtoto wa darasa la kwanza. Halafu akatupa mpini, akawasha pikipiki, akaondoka. Usiku ule alikuwa ameshafika Karema, kwa rafiki yake mvuvi, ziwani.

Nyanzala alipelekwa hospitali akafungwa plasta. Séverine akaja na ndoo, macho yamevimba, anataka kuzifinyanga katambuga upya kabla hazijapigwa picha. Hilaria, bega halijainuka, akamshika mkono.

"Piga picha hivyo hivyo, mwanangu."

"Lakini zimeharibika, mama."

"Ndivyo zilivyo. Piga."

Jioni ya pili Kashinje alikuja nyumbani. Huyu ni mdogo wake Malale, mtu mzima sasa, na nyuma yake walikuja wanaume wengine wanne na fimbo na mikuki yao. Hakubisha hodi. Aliingia uani, akapiga fimbo kwenye sufuria iliyokuwa jikoni, ugali haujasongwa bado, ikaruka, uji wa moto ukamwagika mpaka kwenye miguu ya Hilaria.

"Mtoe."

"Hayupo, baba. Pekua."

Walipekua. Walipindua kitanda, wakachoma mikuki kwenye magunia ya mpunga, mpunga ukamwagika sakafuni. Walipotoka, Kashinje alisimama karibu naye sana.

"Nasikia mnataka kumtoa kaka yangu kwenye kitabu chenu. Mliwahi kumuua mkampeleka na mbao tupu kama mzoga. Mkimtoa na sasa, mjue mmemuua mara ya pili, na mimi nitahesabu hivyo. Huyo mtoto wako ziwani siyo mbali."

Na kabla ya usingizi kuja simu ikaita. Denis. Sauti yake ilikuwa imelewa na haikuwa imelewa.

"Mama, nimekuumiza bega?"

"Litapona."

"Nitakuja hiyo siku ya kubariki. Nikimkuta yule mtu kwenye kitabu, namchana mbele ya padre na mbele yao wote. Na Kashinje akinisogelea, Mungu ananiona, namuua."

"Usimtaje Mungu kwenye hilo, Denis."

Akakata.

Basi likawa hivyo, wala halikuwa fumbo. Malale akitoka kitabuni, Kashinje anamuua Denis. Malale akibaki, Denis anamchana, na wakikutana hapo mmoja anakufa, au wote, na nyuma yao kijiji na maboma. Hilaria alikaa na karatasi zake siku nzima, madirisha yamefungwa. Alimweka Malale mbele, akaona mkono wa Denis unavyofunua na kumkuta. Alimweka katikati, ni yale yale. Popote atakapomweka anachanika, na baba yake anabaki salama upande wa pili, anatazama.

Alikuwa amechukua shati la Denis alitie kiraka, lile alilomshika nalo mgongoni likapasuka, na Denis akapita nyumbani kulivua kabla ya kukimbilia ziwani. Alitia mkono ndani, akaligeuza, akauona upasuko ule ule kwa upande wa ndani. Akabaki ameliangalia. Halafu akaliweka chini akaenda kumtafuta Séverine.

"Wabandike pamoja," alimwambia.

"Uso kwa uso? Si ulikataa?"

"Hapana. Karatasi moja. Martin mbele, Malale nyuma. Wapeane migongo kama watu waliogombana. Lakini iwe karatasi moja."

Séverine alichukua karatasi, akaigeuza mara kadhaa kwenye mwanga.  Alikwenda Mpanda na basi la alfajiri, akarudi nazo zimechapwa. Hilaria akashona kitabu kwa uzi wenye nta. Satini akaiweka ndani ya majalada yote mawili, la nyuma, upande aliolala Malale, akilianzia miguuni kama jeneza. Hilo alilifanya kwa siku mbili, na Cletus alipopita alisimama akatazama kitambaa kile cheupe juu ya mninga, akaondoka kwenda nje.

Siku ya Marehemu Wote mawingu yalikuwa mazito upande wa Sitalike. Watu walijaa makaburini, wakulima upande mmoja, wafugaji upande mwingine, mgambo watatu katikati wanaojua wazi kwamba hawatoshi. Padre alibariki makaburi, akakinyunyizia kitabu maji, kikiwa juu ya meza ndogo ya karakana. Denis akatokea nyuma ya watu. Alikuwa amekonda. Njia ikampasukia yenyewe.

Kashinje naye akasogea, fimbo mkononi.

Denis hakuanza mwanzo. Alifunua kwa nyuma, na ukurasa wa mwisho ulikuwa gambuti moja limelala ubavu, tope ndani yake, na juu pameandikwa Malale, mwana wa Nyanzala. Akaishika karatasi karibu na mshono, akavuta. Kila mtu alisikia karatasi inavyolia. Fimbo ya Kashinje ikapanda.

"Igeuze kwanza," Hilaria alisema. Hakuondoka alipokuwa. "Ukishaigeuza, endelea."

Aliigeuza. Aliona udongo uliosagika, kipande kimoja bado kina alama ya msumari, na katikati, wazi kabisa, unyayo wa kiatu cha michezo. Maneno ya mama yake yalikuwa chini: alizinunua mnadani, alisema tope haliziwezi. Na juu jina la baba yake. Upasuko alioanzisha upande wa pili ulikuwa umeshapita hapo, unaelekea kwenye jina.

Mkono wake ulibaki pale. Haukuvuta, haukuachia.

Kashinje akapiga. Fimbo ilitua mgongoni kwa Denis kwa nguvu yote ya mwanaume, ikatoa sauti, na shati lenye kiraka kipya, ambalo mama yake alikuwa amemtumia Karema, likaloa damu. Mgambo mmoja akaruka mbele, akazuiwa. Watu wote wakashika walichokuja nacho. Denis aliyumba, akashika meza, lakini hakugeuka wala hakuinua mkono, maana mkono ulikuwa bado umeishika karatasi. Fimbo ikapanda tena.

"Kashinje," Nyanzala aliita. Alikuwa amekaa chini, mkono umefungwa plasta. "Mkono uliovunjwa ni wangu. Umeshaulipiza. Keti."

Ile fimbo ilikaa juu muda. Halafu Kashinje akaishusha, akatema mate, akakaa karibu na mama yake akiwa ametazama pembeni.

Denis aliachia karatasi. Akaenda mpaka alipokuwa Nyanzala, akapiga magoti. Mama yule alisema tu, "Mama yako, mayu wako, ana bega bovu. Kamkatie kuni." Kesho yake Denis alikwenda kituoni mwenyewe, na kesi yake bado inaendelea, sitasema itaishaje.

Mvua ilinyesha Alhamisi mchana. Hilaria alisimama mlangoni kwa Cletus akaona yeboyebo, nyayo, vyote vinalainika na kwenda. Vipande vya katambuga vilitangulia, kwa kuwa vilikuwa vimeshasagwa. Gambuti lilichelewa. Lilijaa maji kwanza, likasimama hivyo limejaa, halafu likafunguka upande mmoja na tope lake likatiririka hatua ile moja mpaka kwa Martin.

Séverine alitaka kuugundisha ule upasuko kabla hajarudi Katumba. Hilaria akamwambia auache. Upo mpaka leo, urefu wa kidole cha shahada, na ukienda sakristia ukakiomba kitabu, utaukuta upande wowote utakaoanzia.